Vumbi si Medali

Wasee, tusidanganyane. Siku hizi ukitaka laiki, tafuta kijana wa jua kali anayepiga msasa kwa mashine, amejaa vumbi mpaka kope, weka muziki wa kuhamasisha, andika "hasla hailali". Mioyo inamwagika. Hakuna anayeuliza barakoa iko wapi.

Mimi pia natengeneza video, kwa hivyo sisemi kwa wivu. Nasema tunasifia ugonjwa.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Shirika la WHO la utafiti wa saratani liliamua tangu 1995 kwamba linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Linaamsha pumu pia. Na lile laini kabisa, ambalo hata hulioni, ndilo linaloshuka mpaka ndani ya mapafu. Kitambaa ulichojifunga usoni hakilizuii. Vaa N95, ikubane vizuri, na miwani juu yake.

Najua mtasema: "Wewe uliacha chuo, utatufunza nini?" Kweli, niliacha. Lakini vumbi haliulizi cheti.

Wengine watasema usalama unachelewesha kazi. Uongo! Kinachochelewesha ni kutumia mashine vibaya. Ukiikandamiza, inapungua kasi, msasa unapata joto na kuziba, halafu inaacha mikwaruzo ya mviringo ambayo utaiona ukishapaka vanishi. Uzito wa mashine na mkono wako unatosha. Ilaze sawa, isogeze polepole. Anza na msasa namba 80, nenda 120, malizia 180. Ukiruka hatua, utarudia kazi.

Tena matundu ya msasa yaangaliane na yale ya mashine, na mfuko wa vumbi uumwage kabla haujajaa. Vumbi likinyonywa, msasa hauzibi haraka, na wewe hulivuti. Umeona? Kinacholinda mapafu yako ndicho kinacholainisha meza ya mteja.

Na hii tabia ya kufunga msasa kwenye grainda, tena imetolewa kinga, tuache. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ikikuponyoka, haichagui mbao au paja. Na ukibadilisha msasa kwenye mashine yoyote, chomoa plagi kwanza. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Sasa nyinyi wenye karakana, kutoka Gikomba hadi Ngong Road. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mwajiri ndiye anayefaa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Si hisani, mzee. Unanunua mbao, gundi na vanishi bila kulalamika, halafu barakoa unamwambia kijana ajitafutie? Meza ikiharibika utatengeneza nyingine. Mapafu ya huyo kijana utayatengeneza na nini?