Iodini haioni sumu ya mahindi

Mwanafunzi wa Mumbuni, Machakos, akidondoshea ugali tone la iodini, huona buluu iliyokoza: wanga umo. Akisugua karanga kwenye karatasi, doa linalopitisha mwanga humwonyesha mafuta. Ni majaribio mema, lakini hayafichui aflatoksini, sumu ya kuvu ambayo mwaka 2004 iliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, hasa Makueni na Kitui, na Machakos pia.

Kuvu hiyo hustawi kwenye nafaka yenye unyevu. Jaribio la chumvi, kwa maoni yetu, lilistahili kutangulia lile la iodini katika nyumba za Ukambani: chumvi kavu hutikiswa pamoja na mahindi ndani ya chupa kavu ya kioo, ikinata kwenye kioo, unyevu umepita takriban asilimia 15, na mahindi yarudi juani. Sumu iliyokwisha kuingia, hata hivyo, haiondolewi na jua, wala jiko haliimalizi.