Kibali cha Kuegesha Gari ni cha Aishiye Nyumbani

Jacksonville, katika jimbo la Florida nchini Marekani, ni mji wenye kambi kubwa za jeshi la wanamaji. Wanajeshi wengi wa huko hawalali kambini. Hupanga uraiani, na baadhi yao hupanga katika yale majengo ambayo kila fleti ina mwenyewe, ilhali ngazi, lango, bustani na uwanja wa magari ni mali ya wenye fleti wote kwa pamoja. Baharia akirudi kutoka zamu usiku wa manane, akakuta nafasi yake imekaliwa na gari lisilojulikana, huliacha lake pembeni akaenda kulala. Asubuhi halipo, limevutwa. Hapo ndipo unapoanza ugomvi ambao watu huudhania kuwa ni wa magari, kumbe ni ugomvi wa haki: kibali cha kuegesha ni cha nani?

Yafaa tulichambue jambo hili, kwani linatugusa sisi wenye sare kwa pande mbili. Askari wa jeshi ni mpangaji wa kuhamahama, leo yuko hapa na kesho amri imempeleka kwingine. Askari polisi naye ndiye aitwaye usiku kuja kuamua kati ya majirani waliokwisha kukunjiana ngumi.

Chanzo cha matatizo si kigumu kukielewa. Jengo lenye fleti mia moja huenda lina nafasi za magari zisizozidi mia na hamsini. Wenye fleti wengi wamehamia kwingine, na nyumba zao wamezipangisha. Mwenye fleti aliye mbali ndiye mwenye kura katika chama cha wenye jengo. Mpangaji, ambaye kodi yake ndiyo ilipayo gharama za jengo, hana kura hata moja. Basi vibali hupotea njia. Mwenye nyumba hujiwekea stika moja kwa ajili ya gari lake la pili. Mpangaji aliyehama huondoka na stika yake, au humwachia rafiki. Anayekuja huambiwa kwamba vibali vya fleti hiyo vimekwisha kutolewa. Halmashauri ya chama ikiona uwanja umejaa kupita kiasi, hutoa amri moja tu: kila gari lisilo na stika livutwe. Amri hiyo ni nyepesi kutamka, lakini humwadhibu aliyedhulumiwa na kumwacha aliyedhulumu.

Sheria ya Florida juu ya majengo ya namna hii, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1963, imelitazama jambo hili kwa macho makavu. Inasema kwamba fleti ikipangishwa, mpangaji ndiye apataye haki zote za kutumia mali ya pamoja ambayo wenye fleti kwa jumla huitumia. Mwenye fleti hubaki na haki kama mgeni tu, isipokuwa mpangaji amemwachia haki hizo kwa maandishi. Aidha, chama kimepewa uwezo wa kutunga kanuni za kuzuia mwenye nyumba na mpangaji wake wasitumie mali hiyo wote wawili kwa wakati mmoja. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Fleti moja haiwezi kula fungu la kaya mbili.

Sheria hiyo haikuishia hapo. Mwenye fleti akiwa na deni la chama kwa zaidi ya siku 90, chama chaweza kusimamisha haki yake, na ya mpangaji wake pia, ya kutumia baadhi ya mali ya pamoja. Lakini nafasi za kuegesha magari zimetengwa. Adhabu hiyo haizigusi, kama isivyogusa lifti wala maji na umeme. Ama faini ya kuvunja kanuni, kwa kawaida haizidi dola 100 kwa kosa, na haitozwi mpaka mhusika apewe taarifa ya siku 14 na kusikilizwa na kamati ya watu wasiopungua watatu ambao si wajumbe wa halmashauri. Kwa maneno mengine, anayeshtaki si ndiye anayehukumu.

Sasa tuitazame kazi ya polisi. Katika jimbo hilo, gari laweza kuvutwa kutoka katika uwanja wa watu binafsi bila ya polisi kuwapo. Hata hivyo bango la onyo sharti liwe limesimamishwa kwa muda usiopungua saa 24 kabla, na kampuni inayovuta sharti iwaarifu polisi katika muda wa dakika 30 baada ya kulifikisha gari yadini: limevutwa saa ngapi, liko wapi, la aina gani, rangi gani na namba gani. Faida yake ni dhahiri. Mtu akija kituoni analia kwamba ameibiwa, askari wa zamu hufungua kitabu akamjibu kwa dakika moja, badala ya kuwatuma doria kumsaka mwizi ambaye hayuko. Na mwenye gari akitokea kabla halijaondolewa, hurudishiwa kwa malipo yasiyozidi nusu ya bei iliyotangazwa. Polisi hapa hatumwi na jirani mmoja kumwonea mwingine. Ni mtunza kumbukumbu na mlinzi wa amani.

Hatari kubwa zaidi ni ile impatayo mwanajeshi aliye safarini. Gari lililovutwa hulipiwa ada ya kutunzwa kila siku, na deni likikua gari huuzwa. Mwenyewe yuko baharini, barua hazimfikii. Kwa sababu hiyo, sheria ya Marekani ya mwaka 2003 ya kuwalinda wanajeshi, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1940, inakataza kuuza mali ya mwanajeshi kwa deni la namna hiyo bila amri ya mahakama, wakati yumo kazini na kwa siku 90 baadaye. Hata hivyo, Wizara ya Sheria ya nchi hiyo imelazimika kuzishtaki kampuni za kuvuta magari, zikiwamo za Florida, kwa kuuza magari ya wanajeshi bila ya amri hiyo. Sheria ilikuwapo; iliyokosekana ni kuuliza kwanza gari ni la nani.

Kutokana na hayo twaona kwamba dawa haimo katika ukali bali katika daftari. Kibali kiandikwe kwa jina la fleti na namba ya gari. Muda wake uishe siku ile ile mkataba wa kupanga unapoisha. Stika ikabidhiwe pamoja na funguo, na irudishwe pamoja na funguo. Isiporudi, namba yake ifutwe na mlinzi wa lango aarifiwe. Wageni wapewe karatasi yenye tarehe. Mpangaji aliye mwanajeshi aache kwa chama jina na simu ya mtu wa kumwakilisha kabla ya kusafiri. Kila mwanajeshi aliyewahi kutia saini kupokea bunduki ghalani anaufahamu utaratibu huu bila ya kufundishwa.

Mambo haya si ya ng'ambo peke yake. Uganda ilipitisha sheria yake ya umiliki wa fleti mwaka 2001, Tanzania mwaka 2008, na Kenya ikaiandika yake upya mwaka 2020. Majengo yanapanda, magari yanaongezeka, na wapangaji wakiwamo askari wamo ndani yake. Askari anayepanga hana budi kudai, kabla ya kutia saini mkataba, kwamba nafasi ya gari na kibali chake vitajwe kwa maandishi. Na polisi aitwaye penye ugomvi asiulize kwanza nani mwenye nyumba. Aulize nani anayeishi humo na daftari linasemaje.