Tusimlaumu mchezaji, tuitazame meza

Kila matokeo ya mitihani yatangazwapo, lawama huwa ni zile zile: wanafunzi hukariri tu, na walimu ndio wanaowakaririsha. Naona lawama hizo zimepotea njia. Shahidi wangu ni mchezo wa biliadi wa Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, na bingwa wake John Roberts mdogo.

Roberts alizaliwa Manchester mwaka 1847. Babake, aliyeitwa pia John Roberts, alihesabiwa kuwa bingwa tangu 1849. Biliadi ya Kiingereza huchezwa kwa matufe matatu, na enzi hizo mawili yalikuwa meupe na moja jekundu. (Zama hizo yalichongwa kutokana na pembe za ndovu, ambazo soko lake kuu katika pwani yetu lilikuwa Unguja, lakini hicho ni kisa kingine.) Kulitia tufe jekundu mfukoni kulileta alama 3, kisha likarudishwa kwenye nukta yake. Basi wachezaji wakagundua kwamba aliyefanya mazoezi ya kutosha angeweza kulipiga pigo lilo hilo mara kumi, mara hamsini, huku mpinzani wake ameketi akitazama.

Mwezi Februari 1870, mjini London, Roberts mzee alishindwa na William Cook, kijana wa miaka 20. Pambano hilo lilichezwa kwenye meza mpya: mifuko ilikuwa imebanwa hadi inchi 3, na nukta imesogezwa karibu na ukingo, ili pigo lile lisirudiwe kwa urahisi. Mwezi Aprili mwana akamshinda Cook, na hadi 1885 alikuwa ameutwaa ubingwa mara kadhaa kwenye meza hiyo ngumu.

Hata hivyo, meza za kawaida hazikubadilika. Mwaka 1890 W. J. Peall alijipatia alama 3,304 kwa zamu moja, nyingi zikitokana na pigo lile lile. Je, Peall alikosa? Hakuvunja kanuni yoyote. Alifanya kile ambacho kanuni zilikituza. Roberts naye alipendelea mapambano yaliyolipiga marufuku pigo hilo, na humo aliweza kumtangulizia mpinzani maelfu ya alama na bado akashinda. Baada ya 1885 hakuwania tena taji, lakini watazamaji hawakuwa na shaka nani aliyekuwa bora.

Mwaka 1898 kanuni zilibadilishwa: baada ya kulitia tufe jekundu mara mbili mfululizo kutoka kwenye nukta ile, liliwekwa katikati ya meza. Pigo lile likafa, bila mtu kuhubiriwa.

Hapa kwetu, mtihani wa KCPE ulidumu kuanzia 1985 hadi 2023, na isipokuwa katika insha, mtahiniwa alitakiwa kuchagua jibu moja kati ya manne. Mwalimu aliyewarudisha watoto kwenye karatasi za zamani usiku na mchana alikuwa Peall wa darasani. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulikuja na ahadi ya kuyaondoa hayo. Basi watunzi wa mitihani na watujibu: ni maswali mangapi katika karatasi zao yasiyoweza kujibiwa na mwanafunzi aliyekariri karatasi za miaka iliyopita? Na hayo yametengewa alama ngapi?