Chungu Hakichaguliwi kwa Foleni

Mgeni akifika Kaohsiung, mji wa bandari kusini mwa Taiwan, akauliza wapi ale huoguo, hakosi wa kumshauri. Huoguo ni chungu cha supu inayochemka mezani juu ya jiko dogo, walaji wakichovya nyama na mboga wenyewe hadi ziive. Ni chakula ninachokipenda sana, ndiyo maana naumia ushauri uleule unaporudiwa na watu wakaishia kwenye mikahawa isiyowafaa.

Wanasema penye foleni ndefu ndipo penye chungu kizuri. Foleni huweza kuletwa na Jumamosi jioni tu, au na picha zilizosambaa mitandaoni. Nimewahi kusimama karibu saa nzima, nikaletewa nyama ambayo katikati bado ni barafu. Ilipoingia chunguni supu ilipoa, ikajaa povu la kijivu. Tangu siku hiyo, kabla ya kukaa nauliza supu imechemshwa kwa kitu gani na nyama imetoka wapi. Swali la pili halihitaji Kichina kingi. Sheria inaitaka mikahawa ionyeshe nchi ilikotoka nyama ya ng'ombe, na tangu Januari 1, 2021, ya nguruwe pia. Maelezo hayo huwa ukutani au kwenye menyu, na simu inayotafsiri picha inatosha kuyasoma.

Wanasema pia kwamba kula mpaka ushibe kwa bei moja ndiyo nafuu. Ni nafuu kwa vijana wanne wenye njaa. Mikahawa ya namna hiyo kwa kawaida hukupa muda maalumu, mara nyingi saa mbili au pungufu, na mingi huongeza asilimia 10 ya huduma kwenye bili. Unakula ukitazama saa, na supu haipati nafasi ya kukolea. Anayeshiba kwa sahani moja ya nyama, kabichi, hindi na tofu atatumia pesa kidogo zaidi kwenye chungu cha mtu mmoja.

Hapo ndipo linapoanguka dai la tatu, kwamba msafiri wa peke yake hana mahali pa kula. Taiwan imejaa vyungu vya mtu mmoja. Unakaa kaunta, kila kiti na chungu chake, na hakuna anayekushangaa.

Dai ninalolipinga kwa nguvu zaidi ni kwamba supu nyekundu yenye pilipili kali ndiyo huoguo yenyewe. Ile ni ya Sichuan, China bara, na ni tamu. Lakini aliyekuja hadi Kaohsiung akala hiyo tu, ameupita mji bila kuuonja. Chungu cha bandari hii ni cha shacha, rojo la kuchovea nyama. Watu wa Chaoshan, pwani ya kusini mwa China, waliohamia Asia ya Kusini-Mashariki waliijua huko satay, mishikaki na mchuzi wake, wakarudi nayo nyumbani wakaigeuza kuwa shacha. Hata jina ni lilelile, maana kwa matamshi yao herufi za shacha husomeka “sa-te”. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wahamiaji wao waliovuka kuja Taiwan walifika nayo. Shacha ni rojo la rangi ya kahawia lenye mafuta, lililosagwa kwa samaki bapa aliyekaushwa, uduvi, kitunguu saumu na pilipili. Kwenye bakuli dogo utaweka kijiko chake kimoja, mchuzi wa soya na majani ya kitunguu. Wenyeji wengi huongeza kiini kibichi cha yai, ambacho mwenye tumbo dhaifu akiache. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi ishike kwa vijiti, izamishe, hesabu hadi kumi, itoe ingali na wekundu kidogo, uipitishe kwenye shacha. Harufu ya uduvi itakufika kabla ya nyama. Mkahawa ambao shacha yake hainukii samaki na uduvi, mimi huondoka.

Kuhusu dai kwamba huoguo ni ya majira ya baridi tu, jibu ni fupi: wenyeji hula hata Julai, kiyoyozi kikivuma. Ila baadhi ya maduka ya chungu cha bata wa tangawizi hufunga miezi ya joto, kwa hiyo ulizia kwanza.

Limebaki dai linaloweza kumdhuru mtu imani yake: ukiagiza kuku au mbuzi, umeshaepuka nguruwe. Si kweli. Supu nyingi huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama sahani yako ni ya mboga, na vitonge vya samaki vinavyoonekana salama huweza kuwa na mafuta ya nguruwe. Chungu cha mbuzi, kinachosifika huko Gangshan kaskazini mwa mji, kwa kawaida hutiwa mvinyo wa mchele. Mwislamu atafute cheti cha halali, kile kinachotolewa na jumuiya ya Waislamu wa Taiwan, au aulize kwenye msikiti wa Kaohsiung, wilaya ya Lingya, unaofikika kwa miguu kutoka kituo cha metro cha Weiwuying. Akikosa kabisa, atazame mlangoni herufi 素. Hiyo ni alama ya jiko lisiloingiza nyama, na supu yake ya uyoga na hindi, ikichemka polepole, ni tamu.