Nishani Isiyo na Jina

Wako watu wa Kisarawe na Kibaha ambao babu zao walikuwa Keya, wakapigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nishani ya vita vile ni nyota ya shaba yenye ncha sita. Ofisa Mzungu na askari wake walipewa nyota moja ile ile, wala haikuchorwa jina. Ofisa hakupata hasara, maana jina lake limepigwa chapa katika orodha za maofisa. Bali askari aliyevuka mto Chindwin Desemba ile, nani amjuaye ila jamaa zake? Basi, mabwana makarani, mwenye nyota na aifungie karatasi yenye jina, namba na kikosi. Nasi maofisini, mjukuu akija na nyota tupu, tusimfukuze kwa kukosa hati.