Kompyuta Isiyotambuliwa Haijafa

Hivi karibuni nilitembelea shule moja ya sekondari wilayani Kisarawe. Katika stoo ya maabara nilikuta kompyuta 11 zimeegeshwa ukutani, na juu yake kikaratasi: "Mbovu. Zinasubiri mnada." Mwalimu wa TEHAMA alinieleza kwa unyonge kwamba fundi aliyeweka mfumo endeshi mpya alishindwa kuziunganisha na mtandao, mfumo "haukuziona" kadi zake. Wiki mbili kabla, nilikuwa nimesikia maelezo hayohayo Kibaha, katika ofisi ambako printa kongwe ilikuwa imehukumiwa vivyo hivyo.

Tutofautishe mambo mawili: kifaa kilichokufa na kifaa kisichotambuliwa. Kompyuta inapowashwa, mfumo endeshi hukiuliza kila kifaa kilichochomekwa ndani kijitaje. Kifaa hujibu kwa namba mbili: ya mtengenezaji na ya aina yake. Namba 8086 ni ya Intel. 10ec ni ya Realtek. Kisha mfumo hutafuta katika orodha yake draiva inayolingana na namba hizo. Isipokuwamo, kifaa huachwa bila kazi, ingawa kimejibu vizuri. Vifaa vingi vya kabla ya utaratibu huu kuenea katika miaka ya 1990 havikuweza hata kujitaja. Fundi ndiye aliyeuelekeza mfumo mahali vilipo.

Pale Kisarawe tulichomeka flashi yenye Linux, tukaandika amri ya lspci -nn. Namba 10ec:8139 ikatokea kwenye kioo. Kadi ilikuwa hai. Hadi adhuhuri kompyuta saba zilikuwa mtandaoni. Nne zilikuwa zimekufa kweli, na hizo hatukuzitetea.

Orodha ile ya draiva huandikwa na watu, na watu ndio huamua nani aachwe. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Linux nayo ina ukomo: mwaka 2012 wasanifu wake waliamua kuziacha prosesa za 386. Siwalaumu. Kutunza vikongwe kuna gharama, na mfumo usiopata masahihisho ya usalama ni hatari kwa ofisi yenye taarifa za wananchi. Lakini uamuzi uliofanywa mbali kwa sababu za huko haupaswi kugeuka cheti cha kifo cha mali ya umma hapa kwetu bila sisi wenyewe kuipima.

Wala hatuwezi kusingizia uhaba wa ujuzi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla halmashauri haijaidhinisha kompyuta kuwa chakavu, faili liwe na ukurasa mmoja: namba za vifaa, draiva iliyotafutwa, na matokeo ya jaribio kwa mfumo huria. Ndugu watumishi, ukurasa huo hauhitaji zabuni. Nanyi wanafunzi mlio katika mafunzo kwa vitendo, kazi hiyo ni yenu; flashi moja inatosha kuianza.

Wanafunzi wa Kisarawe walikuwa wakijifunza kompyuta kwa kuchora kibodi ubaoni, ilhali kompyuta saba nzima zilikuwa nyuma ya ukuta.