Angekaa nyumbani kwao, angeyapata?

Kila unapokaribia uchaguzi wa Rais, husemwa kwamba aliyepo madarakani ana mtaji tayari. Ni kweli. Jina lake limefika hadi vijijini. Akizindua barabara au kisima, ndiyo habari ya siku. Husafiri kwa magari ya umma, ilhali mpinzani wake anachangisha fedha za mafuta. Katika nchi nyingi, hata wasimamizi wa uchaguzi huteuliwa na yeye.

Hata hivyo, mtaji huo si kinga. Nchini Senegal, mwaka 2012, Abdoulaye Wade aliongoza duru ya kwanza, akaangushwa na Macky Sall katika duru ya pili. Nchini Nigeria, mwaka 2015, Goodluck Jonathan alishindwa na Muhammadu Buhari, akampigia simu kumpongeza kabla matokeo ya mwisho hayajatangazwa.

Swali letu si nani hushinda, bali ni kipi katika faida hizo kilicho halali. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporejea, alitenga mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari, akahoji kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Habari hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Hicho ndicho kipimo. Sifa ya uadilifu na kazi njema humfuata mtu hata akikaa kwao. Hiyo ni haki yake, naye aombe kura kwayo. Lakini gari, redio ya taifa na utii wa watendaji havimfuati. Hivyo ni vya kiti, na kiti ni amana.

Tusiwanyooshee vidole wakubwa peke yao. Sisi tulio katika kamati za misikiti tunashika ufunguo, kipaza sauti na daftari la michango. Uchaguzi wetu ukikaribia, je, mwenzetu anayetaka nafasi hupewa kipaza sauti kama tunavyojipa sisi? Watoto wetu wanatutazama, na watakachokiona msikitini ndicho watakachokipeleka Ikulu.

Tunamuomba Allah atujaalie kuzirejesha amana kwa wenyewe, tukishinda na tukishindwa. Amin.